Gari Likigoma Kuwaka, Sikiliza Kwanza

Gari linapogoma kuwaka, jambo la kwanza ambalo watu wengi hulifanya ndilo baya kuliko yote: huzungusha ufunguo tena na tena, kila safari kwa muda mrefu zaidi, mpaka ile chaji kidogo iliyobaki kwenye betri imekwisha. Hapo dalili zote zimeshafutika. Gari lililokuwa na tatizo la mafuta sasa lina matatizo mawili. Fundi atakayeitwa atakuta betri imekufa, atauza betri mpya, na kesho asubuhi gari litagoma vilevile.

Kazi yangu ni umeme wa magari, na katika makala hii nataka kukuachia jambo moja: gari lisilowaka hutoa sauti, au hunyamaza, na hilo pekee hukuonyesha ugonjwa uko upande gani kabla hujafungua boneti wala kupiga simu. Zima redio, kiyoyozi na taa, wanyamazishe watoto walioko nyuma, kisha zungusha ufunguo kwa sekunde chache na usikilize. Jaribu mara mbili tu. Jibu litakuwa moja kati ya matatu. Utasikia kimya kabisa. Au utasikia kugonga, "tak" moja au "tatatata" ya haraka. Au injini itazunguka vizuri kama kila siku lakini haitashika moto. Haya ni magonjwa matatu tofauti na dawa zake ni tofauti. Wengi tunapoteza hela kwa sababu tunayaita yote jina moja: "gari haiwaki".

Injini haiwezi kujiwasha. Lazima kwanza izungushwe na nguvu ya nje ili pistoni zivute hewa na kuibana. Zamani nguvu hiyo ilikuwa mkono wa dereva, aliyesimama mbele ya gari na kuzungusha hendeli ya chuma, na hendeli hiyo ikirudi nyuma ghafla iliweza kumvunja mkono. Mwaka 1912 Cadillac ya Marekani ilileta gari lenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na tangu hapo kazi hiyo imekuwa ya mota ndogo iliyokaa ubavuni mwa injini. Mota hiyo inalishwa na betri ya risasi na tindikali, ambayo ni ya zamani zaidi: Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859, na mpaka leo kanuni yake haijabadilika.

Sasa angalia hesabu hii, kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu kila siku. Stata ya gari dogo la petroli, mfano Toyota IST au Vitz, hula ampea 100 mpaka 200 kwa zile sekunde chache inazozunguka. Ya gari kubwa la dizeli hula zaidi ya hapo. Taa zote za dashibodi kwa pamoja hazifiki hata ampea tano. Ndiyo maana maneno ya "betri ni nzima, mbona taa zinawaka na redio inaimba?" hayana nguvu. Betri iliyochoka ni kama simtanki lililobakiza maji chini kabisa: bomba la jikoni litatoa ya kunawa mikono, lakini ukifungulia bafu hupati kitu. Taa ya dashibodi haikuambii kwamba betri inaweza kubeba stata. Inakuambia tu kwamba waya haujakatika.

Tuanze na kimya. Ukizungusha ufunguo na hata dashibodi haikuwaka, hakuna umeme unaofika ndani ya gari. Betri imekwisha kabisa, au kibano cha waya kimelegea juu ya kichwa cha betri, au fyuzi kuu imeungua. Kabla ya kumlaumu yeyote, fungua boneti, shika vibano vya betri kimoja kimoja na ujaribu kuvizungusha kwa mkono. Kibano kinachozunguka kwa nguvu ya vidole kimelegea, na umepata ugonjwa wako bure.

Ikiwa dashibodi inawaka kwa mwanga mkali na stata haisemi lolote, mara nyingi gari limekataa kwa makusudi. Gari la otomatiki haliruhusu stata kuzunguka mpaka lijue kwamba gia iko P au N. Swichi inayotoa habari hiyo huchakaa, na siku ikichoka gari hujiona liko kwenye D ilhali umelipaki vizuri. Kanyaga breki, sogeza gia hadi N, jaribu tena. Nimeona magari yakipakiwa kwenye gari la kuvuta wakati dawa ilikuwa hii tu. Kwa magari ya kitufe, gari linataka pia kujua kwamba umekanyaga breki, na linalijua hilo kupitia swichi ileile inayowasha taa za breki. Mwombe mtu asimame nyuma aangalie: ukikanyaga na taa za breki haziwaki, shida yako inaweza kuwa swichi ya breki au fyuzi yake, ambayo ni kifaa cha bei nafuu.

Kuna na ufunguo wenyewe. Magari mengi tunayoyatumia yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na kitabu chake cha maelekezo, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Kwa hiyo wenye magari wengi hawajawahi kuambiwa kwamba ufunguo wa kielektroniki una betri yake ndogo bapa, kama ya saa, na kwamba betri hiyo ikifa gari halijafa. Kwenye magari ya Toyota ya kitufe, kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, subiri mlio, kisha bonyeza. Kuna chipu ndani ya ufunguo isiyohitaji betri, na gari huisoma kwa karibu. Chipu hiyohiyo ndiyo inayolinda gari lisiibwe: ufunguo uliochongwa mtaani bila chipu utafungua mlango na kuzunguka vizuri, lakini injini haitakubali, na taa ndogo yenye alama ya ufunguo au gari lenye kufuli itaendelea kupepesa. Na ufunguo ukigoma hata kuzunguka, usiulazimishe, utavunjikia ndani. Usukani umejifunga. Utikise kushoto na kulia huku unazungusha ufunguo taratibu.

Sasa kugonga, ambako ndiko kwenye kesi nyingi. Hapa kuna kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Washa taa kubwa, elekea ukuta kama ni usiku au mwombe mtu aziangalie, kisha piga stata. Taa zikififia sana au kuzimika, umeme hautoshi: tafuta kwenye betri, vibano au waya. Taa zikibaki na mwanga uleule huku unasikia "tak" moja tu, umeme upo lakini stata yenyewe haiutumii: kaboni zake zimekwisha, au zile shaba za mguso ndani yake zimeliwa, au rilei, ile swichi ya umeme inayoiwasha, haipitishi. Na ile "tatatata" ya haraka karibu kila mara ni betri isiyo na nguvu. Sumaku ya stata inavuta, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena.

Stata yenye kaboni zilizokwisha mara nyingine hukubali ikigongwa kidogo kwa mpini wa spana wakati mwenzako anazungusha ufunguo. Hilo linafanya kazi kweli, kwa sababu kaboni hukaa sawa kwa muda. Lakini ukishaigonga mara moja nenda gereji siku hiyohiyo. Kaboni ni kitu kidogo, na stata nyingi hazihitaji kubadilishwa nzima.

Betri nitaieleza kwa kirefu, maana ndiyo inayotuumiza zaidi huku pwani. Ndani yake kuna vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2.1, ndiyo maana betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 na siyo 12 kamili. Ukiipima asubuhi kabla gari halijawashwa na ukapata 12.4, imebakiwa na robo tatu hivi. Kwenye 12.2 ni nusu. Kwenye 12.0 ni robo, na hapo gari litakuwa linawaka kwa bahati. Kipimo cha pili ni cha wakati stata inazunguka: volti zikianguka chini ya 9.6 kwa betri iliyokuwa imejaa, betri hiyo imechoka, hata kama ikikaa kimya inasoma 12.6. Mita ya kupimia umeme inauzwa maduka ya vifaa vya umeme kila mji, na ile ya bei ya chini inatosha kwa kazi hii. Mwenye gari anayejua kutumia mita kwa vipimo hivi viwili hatauziwa tena betri asiyoihitaji.

Watu huamini baridi ndiyo adui wa betri. Baridi huidhihirisha tu betri mbovu. Joto ndilo linaloiua. Kwa makadirio ya kikemia, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hukaribia kuongeza mara mbili kasi ya mabadiliko ndani ya betri, yakiwemo yale ya kuoza kwa sahani za risasi, na maji hupungua haraka. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, kwa joto la Januari na Februari likijumlishwa na la injini chini ya boneti, betri ya kawaida ikifika miaka mitatu imejitahidi. Ikishapita miaka miwili ianze kupimwa. Halafu mtu huyohuyo wa pwani anapanda na gari lake Makete au Njombe mwezi wa Julai, oili inakuwa nzito, betri iliyokwisha kuharibiwa na joto inatakiwa kufanya kazi kubwa kuliko kawaida, na asubuhi inasikika "tatatata". Lawama zote zinapewa baridi ya Makete.

Betri yenye vizibo vinavyofunguka huongezwa maji ya betri, yaani maji safi yaliyotoneshwa, na siyo kitu kingine. Maji ya kisima, ambayo kwa mitaa mingi ya Dar es Salaam yana chumvi, huiharibu. Tindikali mpya pia si dawa: kinachopungua kwenye betri kwa joto ni maji, tindikali inabaki palepale, kwa hiyo ukiongeza tindikali unaifanya kali kupita kiasi na sahani zinaliwa. Na ule unga mweupe au wa kijani unaoota juu ya vichwa vya betri ni kizuizi cha umeme. Toa vibano, ukianza na cha hasi, mwagia maji ya moto yaliyochanganywa na kijiko cha magadi, uone yanavyotoa povu. Magadi huiua ile tindikali. Sugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kausha, rudisha ukianza na chanya, kisha paka grisi kidogo kwa juu. Usisahau ncha ya pili ya ule waya mweusi, pale unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Mafundi tunauita waya wa athi, na kutu yake haionekani kirahisi. Magari ya miji ya pwani huugua hapo mara nyingi, kwa chumvi ya hewani, na dalili zake zinafanana na za betri mbovu kiasi kwamba watu hubadilisha betri mbili kabla mtu hajaukagua waya huo.

Siku ya kununua betri mpya, uliza ilitengenezwa lini na uombe ipimwe hapohapo dukani. Betri hupoteza chaji ikiwa rafuni. Ikisoma chini ya 12.4, omba nyingine.

Kubusti, yaani kuchukua moto kwenye gari jingine, ni kazi ya dakika chache lakini ina utaratibu wake, na utaratibu huo una sababu. Magari yasigusane. Yote mawili yawe yamezimwa. Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ifungwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Kwa nini isiwe kwenye hasi ya betri? Kwa sababu ile ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na betri hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Betri ikipasuka hurusha tindikali usoni, na macho hayana spea. Washa gari la msaada, liache lingurume dakika tano, kisha jaribu lako. Likiwaka, ondoa waya kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, ukianza na ile ncha ya mwisho. Ukigeuza chanya na hasi hata kwa sekunde moja unaweza kuunguza fyuzi kuu, alteneta inayochaji betri na hata kompyuta ya injini. Waya wenyewe uuangalie kabla ya kununua: nyingi zinazouzwa barabarani ni nene kwa plastiki tu, shaba ya ndani ni nyuzi chache. Zinapata moto, na gari haliwaki.

Kusukuma ni kwa gari la gia za mkono peke yake. Washa swichi, kanyaga klachi, weka gia ya pili, likishika mwendo achia klachi. Gari la otomatiki usijisumbue: giaboksi yake hushika kwa presha ya oili, na presha hiyo hutoka kwa pampu inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imesimama, magurudumu hayawezi kuizungusha. Kuvuta gari la otomatiki kwa kamba mwendo mrefu huku magurudumu yanayoendesha yako chini huiharibu giaboksi, kwa sababu hiyohiyo ya oili kutozunguka.

Gari likishawaka kwa kubusti, bado hujajua kwa nini betri iliisha. Injini ikiwa inanguruma, pima betri tena: alteneta nzima hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5. Ukipata 12 na kitu, alteneta haichaji au mkanda wake umelegea, na betri mpya utakayonunua itaisha vilevile. Hapa lazima niseme kwa nguvu kuhusu desturi moja ya gereji zetu. Mafundi wengi, ili kujua kama alteneta inachaji, huchomoa kibano cha betri injini ikiwa inawaka. Gari likiendelea kuwaka wanasema alteneta ni nzima. Kipimo hicho kilitoka enzi za magari yasiyo na kompyuta. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa, volti zinaweza kuruka ghafla hadi makumi, na zikifika kwenye kompyuta ya injini umeharibu kifaa cha bei kubwa ili kupima kitu ambacho mita hukipima kwa sekunde tano. Ukimwona fundi anakwenda kufanya hivyo, mzuie. Gari ni lako.

Alteneta ikiwa nzima na betri nzima, na bado gari linaamka bila chaji, kuna kitu kinachokula umeme usiku. Gari la kawaida likilala halipaswi kula zaidi ya miliampea 50 hivi, na kwa betri ya ampea-saa 45 (Ah 45) hiyo ni zaidi ya wiki mbili bila wasiwasi. Lakini redio kubwa iliyofungwa vibaya, kengele ya wizi, kifaa cha kufuatilia gari au taa ya buti isiyozima vinaweza kula nusu ampea: ni Ah 12 kwa siku, na betri hiyohiyo imefika nusu kwa siku mbili. Vitu vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani ndivyo vya kushukiwa kwanza. Na wale wanaokwenda kilomita tatu za foleni, kiyoyozi na taa vikiwaka, kisha wanazima: stata imekopa na alteneta haijapata nafasi ya kulipa. Mara moja kwa wiki lipe gari lako mwendo wa angalau nusu saa barabarani.

Jibu la tatu ni injini kuzunguka vizuri bila kushika moto. Hapo achana na betri kabisa. Injini ya petroli inataka mafuta, cheche na hewa iliyobanwa, na mojawapo haipo. Anza na mafuta yenyewe, hata kama mshale unaonyesha yapo, maana geji hudanganya, na gari lililopaki kwenye mteremko likiwa na mafuta kidogo linaweza kushindwa kuyavuta. Kisha washa swichi bila kupiga stata na utegee sikio upande wa kiti cha nyuma: magari mengi yenye pampu ndani ya tangi hutoa mvumo mdogo wa sekunde mbili hivi. Usipousikia, kagua fyuzi na rilei ya pampu. Katika magari mengi rilei ya honi ni ya aina ileile, kwa hiyo unaweza kuzibadilishana kwa muda. Gari likiwaka umeshapata jibu.

Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imelewa mafuta. Hutokea mara nyingi gari likiwashwa, likasogezwa mita chache na kuzimwa. Subiri dakika kumi, kisha kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini kabisa na upige stata kwa sekunde zisizozidi kumi ukiwa umeikanyaga hivyohivyo. Kompyuta ya magari mengi husoma hilo kama amri ya kukata mafuta, na hewa huzikausha plagi.

Gari linalozima likiwa limepata moto, likakataa, kisha likawaka lenyewe baada ya kupoa kwa nusu saa, lina ugonjwa unaosumbua mafundi wengi kwa sababu likifika gereji limepona. Wakati wa kupiga stata, tazama mshale wa mizunguko ya injini. Usipotikisika kabisa huku injini inazunguka, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Ikinyamaza, kompyuta haitoi cheche wala mafuta. Kumwambia fundi hicho kitu kimoja ulichokiona kwenye mshale kunaweza kumwokolea siku nzima.

Kuna sauti moja ya kuiogopa. Stata ikizungusha injini kwa wepesi na kasi isiyo ya kawaida, bila ule mdundo wa kupanda na kushuka, huenda mkanda wa taimingi umekatika. Acha hapohapo. Katika injini nyingi valvu na pistoni zitagongana, na kila ukizidi kuzungusha unaongeza uharibifu. IST na ndugu zake wenye injini za 1NZ na 2NZ wanatumia cheni, kwa hiyo ni nadra kwao.

Gari likigoma muda mfupi baada ya kutoka kujaza mafuta, usiondoe mawazo kwenye mafuta hayo. Uchanganyaji wa mafuta ya taa na petroli umepigwa vita kwa miaka: nchini Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta) mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchakachuaji. Tunza risiti, na fundi akitoa mafuta kwenye tangi aweke kidogo kwenye chupa nyeupe. Kama yana maji utayaona yamejitenga chini.

Wenye magari ya dizeli wana mambo yao mawili. Asubuhi ya baridi washa swichi, subiri taa yenye alama ya msokoto izime, ndipo upige stata. Hapo plagi za joto zimeshapasha vyumba. Na dizeli ikiisha njiani, kujaza peke yake hakutoshi, hewa imeingia kwenye mipira. Tafuta pampu ndogo ya mkono juu ya chujio la dizeli na uibonyeze mpaka iwe ngumu.

Limebaki jambo ambalo kila masika hugharimu watu injini nzima. Gari likipita kwenye maji mengi, kama yale yanayojaa Jangwani, Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likifurika, na likazima humo ndani, USIJARIBU kuliwasha. Huenda maji yamevutwa kupitia njia ya hewa mpaka kwenye silinda. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda kuyakuta inasimama ghafla, na konrodi inapinda au kutoboa bloku. Gari lililozimia majini lakini halikupigwa stata mara nyingi hupona: fundi hutoa plagi, huyatoa maji, hubadilisha oili na chujio la hewa. Lililopigwa stata huenda likahitaji injini nyingine. Toa watu, chomoa kibano cha hasi cha betri kama unaweza kukifikia kwa usalama, lisukumeni nje, na hapo ndipo uite fundi.

Likikuzimikia barabara kuu, hasa kwenye miteremko kama ya Kitonga, Tanzania, au Mai Mahiu, Kenya, watu kwanza: wasimame nje ya barabara, upande wa mbali na magari. Weka pembetatu zako mbali, hatua 50 au zaidi, na kwenye kona ziweke kabla ya kona. Matawi ya miti tuliyoyazoea hayaakisi mwanga usiku, na lori lililoshuka kwa kasi litayaona limeshafika.

Utakapomwita fundi, mwambie ulichosikia: kimya, kugonga, au kuzunguka bila kushika, taa zilififia au hazikufifia, lilikuwa la baridi au la moto, na ni nini kilichofungwa au kutengenezwa wiki ile. Usimwambie "niletee betri". Mwombe alete mita, apime mbele yako, uione namba kwa macho yako. Kama ni 12.6 na haianguki chini ya 9.6 stata inapozunguka, betri yako ni nzima, na usikubali kutoa hela ya nyingine.